Mto Ulio Chini ya Mchanga

Wasikilizaji wapenzi, leo nakuombeni mnipe masikio yenu kwa utaratibu, mkiwa mmeketi na chai iko karibu, maana habari niliyo nayo si ya kitabuni bali ni ya miguu yangu mwenyewe: habari ya siku moja niliyoitumia kufuata ukingo wa mto, tangu alfajiri mpaka magharibi, kwa makusudio ya kuyatazama maji yanavyoporomoka.

Kisa chenyewe kilianza kwa swali la mtoto. Binti wa jirani yangu, ambaye yuko darasa la sita, alinijia jioni moja na kitabu chake cha jiografia, akanionyesha picha ya maporomoko ya Kalambo, kule Rukwa mpakani na Zambia, ambako mto huanguka kwa pigo moja kutoka kimo cha zaidi ya mita 200, akaniuliza: "Mjomba, na sisi hapa Dodoma maporomoko yetu yako wapi?" Nikafungua kinywa nimwambie kwamba hatuna, kisha nikaona haya, kwa kuwa sikuwa nimetafuta. Mtu aweza kuishi mahali miaka mingi, akajua bei ya zabibu na majina ya mitaa yote, na asijue maji ya mahali hapo yatoka wapi na yaenda wapi. Nilikuwa mtu huyo. Nikamwambia mtoto anipe muda.

Basi tuanze na mto wenyewe, kwa sababu msikilizaji aliye Tanga au Mbeya hatanielewa nikitaja mto wa Dodoma pasipo kumweleza ulivyo. Ajaye huku kwetu mwezi wa Septemba akiuliza mto uko wapi, ataonyeshwa korongo pana, jeupe kwa mchanga, lililojaa nyayo za ng'ombe na punda na alama za tairi za malori yanayokuja kuchota mchanga wa kujengea. Naye atadhani anafanyiwa mzaha. Lakini asubiri kidogo, atazame. Atakuja mama na ndoo yake na kata, apige magoti pale pale katikati ya korongo, afukue kwa mikono kina cha kiwiko, na miaka mingine kina cha bega, kisha angoje. Mchanga utaanza kuwa mweusi, halafu utang'aa, halafu maji yatajikusanya polepole, safi na ya baridi, naye atayateka kata baada ya kata mpaka ndoo ijae. Je, mto uko wapi? Mto uko chini. Haukufa wala haukuhama. Umejifunika mchanga kulikwepa jua. Nalirudia neno hili kwa kuwa ndilo nitakalolishika hata mwisho wa mazungumzo yetu: mto wa nchi kavu uko chini ya mchanga wake.

Na sababu yake ni dhahiri. Mvua yetu ya mwaka mzima ni takribani milimita 570, nayo karibu yote hushuka baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyosalia mbingu hufunga, na jua hudai kila tone lililobaki wazi. Hata jina la mji wetu lina habari hiyo ndani yake. Wazee husimulia kwamba tembo mmoja alishuka kijitoni kunywa maji, akakanyaga mahali palipoonekana pakavu, akazama. Na walioshuhudia wakasema kwa Kigogo "idodomya," yaani amezama, na neno hilo likageuka likawa Dodoma. Tembo yule aliamini alichokiona juu ya ardhi, wala hakujua yaliyokuwa chini.

Sasa, maji haya yaliyojificha yaenda wapi? Chukua fikira zako, msikilizaji wangu, tuyafuate pamoja. Mto mkuu wa upande huu wa mashariki huitwa Kinyasungwe, nao una matawi mawili, Kinyasungwe Mkubwa na Kinyasungwe Mdogo. Mdogo hupita Makutupora, kaskazini ya mji, kisha huingia katika bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957. Mto ukiisha kukusanyika huelekea mashariki, ukapita Gulwe na Godegode, kisha ukajipenyeza baina ya milima miwili mikubwa, ile ya Ukaguru upande wa kaskazini na ile ya Rubeho upande wa kusini. Na huko hubadili jina, ukaitwa Mkondoa. Mkondoa hupita Kilosa, ukawa sehemu ya mto Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani, mahali ambapo ng'ambo ya maji ni Unguja. Kwa hiyo tone lililoanguka juu ya bati la nyumba yangu hapa Dodoma, lisiponywewa na mti wala mbuzi wala jua, njia yake ni ya kwenda pwani.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mtoto, na nililipata kwa hesabu nyepesi ambayo yeyote aweza kuifanya. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,100. Kilosa haifiki hata mita 500. Mita hizo 600 zinapotelea wapi? Uwanda wetu ni tambarare, na mto juu yake hutambaa kwa uvivu. Maadamu mteremko hauko huku juu, sharti uwe pale ukingoni, katika lango la milima. Na maji yanaposhuka mteremko kama huo, mara nyingi huruka na kuporomoka mahali fulani. Nikaazimia kwenda kulitazama lango hilo.

Nilikwenda mwishoni mwa Aprili, mvua zilipokuwa zimepungua lakini mto haujakauka. Nilipanda treni ya reli ya zamani, si hii ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kwa kuwa ile mpya imetobolewa mahandaki yake milimani na haina haja ya kumbembeleza mto, ilhali ya zamani imeshikamana na mto bega kwa bega. Nikateremka usiku Kidete, stesheni iliyo katika lango hilo, nikapokewa na mwenyeji wangu, na kabla ya jua kuchomoza akaniletea mzee mmoja wa kunipeleka, mstaafu wa genge la reli. Maana yake, mmoja wa wale waliokuwa wakitembea juu ya njia kila asubuhi, spana begani na nyundo mkononi, wakikagua mataruma na kukaza palipolegea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umekuja kutazama maji."

"Ndiyo, mzee. Natoka Dodoma."

"Basi umekuja kutazama maji ya kwenu," akasema, akatangulia.

Kwa muda wa saa nzima ya kwanza hatukuona maporomoko yoyote, wala sitakudanganyeni. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukigawanyika kuzunguka visiwa vya mchanga ambavyo kila kimoja kilikuwa na matete machanga yaliyoinamia upande mmoja, upande wa bahari. Nilianza kuona shaka. Mzee alitambua, lakini hakunipa faraja, alisema tu, "Tembea." Na baada ya kona moja, ambapo vilima vya pande zote mbili vilikaribiana, tukasikia sauti kabla ya kuona kitu. Kwanza nilidhani ni upepo katika majani. Kisha nikadhani ni treni. Nayo haikuwa upepo wala treni.

Wasikilizaji wangu, nitakuelezeni nilichokiona pasipo kukikuza. Hakikuwa Kalambo. Mto ulikuwa umebanwa baina ya mawe makubwa, mengine kama nyumba ndogo, na kwa kubanwa kule ulilazimika kuharakisha. Maji yaliruka kutoka jiwe hata jiwe, mahali pengine kwa kimo cha mtu aliyechuchumaa, mahali pawili au patatu kwa kimo cha mtu aliyesimama, na baina ya miruko hiyo yalikwenda kwa kasi ya povu, yakizunguka, yakirudi nyuma, yakipata upenyo tena. Hivyo tu. Lakini mimi, mtu wa nchi ambayo maji huchotwa kwa kata, nilisimama pale nisiweze kusema neno. Sikuwa nimewahi kuyaona maji ya kwetu yakiwa mengi kuliko mahitaji.

Nikaketi juu ya jiwe. Na kwa kuwa nilikaa sana, niliona jambo ambalo mpita njia asingeliona, nalo ni hili. Palikuwa na jiwe moja lililofunikwa na maji, na nyuma yake palisimama wimbi. Nasema palisimama, kwa kuwa halikwenda popote. Nililitazama muda mrefu, nalo lilikuwa mahali pale pale, na kilele chake kile kile, na ukingo wake mweupe ule ule uliojikunja kuelekea nyuma. Sisi tuliowahi kusimama ufukweni Bagamoyo au Mombasa twajua mawimbi ya bahari: wimbi husafiri likaja mpaka pwani, lakini kipande cha mti kilicho juu yake hupanda na kushuka mahali pake, kwa kuwa maji yenyewe hayaendi nalo. Mtoni mambo ni kinyume. Wimbi limekaa, na maji ndiyo yanayosafiri. Kila mara ni wimbi lile lile, na hakuna mara mbili ambapo ni maji yale yale. Nilitupa jani. Likapanda mgongo wa wimbi, likapita, likaondoka kwenda Kilosa. Na wimbi likabaki.

Nikamwuliza mzee kwa nini mchanga wote umekwisha ghafula mahali hapa. Akanifundisha kwa mfano wa mpagazi: mtu aliyebeba mzigo akipita tambarare huku amechoka, huutua; akiteremka mlima huku akisukumwa na uzito, hatui kitu. Na ndivyo ulivyo mto. Kule juu kwetu maji huenda taratibu, kwa hiyo mchanga wayashinda, huutua, nao ukajaza korongo kwa miaka na miaka. Hapa langoni mteremko umekaza, na vijito vya Ukaguru na Rubeho vimeongeza nguvu, basi maji huubeba mchanga wote, yakafagia mpaka kwenye mwamba. Fahamuni jambo hili vizuri: maporomoko ni mahali ambapo mto umejifunua. Ule uliojificha chini ya mchanga kule Dodoma, na huu uliosimama wazi juu ya mwamba hapa, ni mto mmoja.

Mzee akanionyesha tena kitu kingine, na hiki ningependa kila mwalimu wa jiografia akione. Pembeni, juu ya usawa wa maji ya siku ile, palikuwa na mwamba wenye mashimo ya mviringo, laini kwa ndani, mengine madogo kama kikombe, mengine makubwa hata mtu angeweza kutwangia mahindi. "Hivi ni vinu vya mto," akasema. Nikatia mkono katika kimoja, nikatoa kokoto tatu, duara kama mayai ya kwale. Maji ya mafuriko yanapopita juu ya mwamba huzunguka penye kidimbwi, yakaizungusha kokoto ndani yake, nayo ikasaga, mwaka hata mwaka, mpaka ikachimba kinu; na kokoto ikiisha kwa kusagika, huja nyingine ikashika zamu. Kiangazi, kinu hukauka, na mtu akipita hudhani ni kazi ya binadamu wa kale. Nikatia kokoto moja mfukoni.

Tukaendelea. Sitakuhesabieni kila jiwe, maana baada ya lile lango la kwanza yalifuata mengine, na katikati yake madimbwi yaliyotulia, ambapo mzee alinikataza kuingia kwa sababu ya mamba, naye hakuwa na haja ya kunikataza mara mbili. Mdiria alipita chini chini juu ya maji, rangi yake ya samawati ikiwa ni kitu pekee kisichokuwa cha udongo. Adhuhuri ikatukuta chini ya mkuyu mkubwa ambao mizizi yake ilikuwa imekumbatia ukingo kama vidole. Tukala karanga nilizotoka nazo Dodoma na mihogo ya kuchoma aliyokuja nayo yeye, tukapumzika.

Ni katika mapumziko yale ndipo nilipomsimulia mzee habari za wale waliopita hapa kabla ya reli, naye akanisikiliza kwa makini, maana bonde lile lilikuwa maisha yake. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipanda kwa bonde hili la Mkondoa. Burton na Speke, wapelelezi wa Kizungu, walipita mwaka 1857, wakitafuta maziwa makuu. Stanley akapita mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, naye alikuja wakati wa masika, na mvua na matope vikamtesa. Lakini majina hayo ya Wazungu yasitusahaulishe wengi waliokuwa nyuma yao na mbele yao: wapagazi wa Kinyamwezi na wa pwani, maelfu kwa maelfu kila mwaka, waliopita na pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba, nyayo zao zikilainisha mawe tuliyokuwa tumekalia. Hao waliujua mto huu kwa magoti yao. Nao walijua, wakielekea bara, kwamba wakiisha kuuacha mto na kupita Mpwapwa, mbele yao palikuwa na nchi iliyoitwa Marenga Mkali, jangwa la siku nzima na zaidi pasipo kisima, ambalo jina lake ni maji machungu. Hebu mfikirie mpagazi huyo akisikia mto unanguruma usiku kando ya kambi, ilhali anajua kinachomngoja. Nadhani alikunywa hata bila kiu.

Waliowafuata ni wajenzi wa reli. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Na walipofika chini ya ukuta wa uwanda wetu wakatazama huku na huku, wakachagua lango lile lile ambalo msafara ulikuwa umelichagua, kwa sababu mto ulikwisha kulichimba. Basi reli ikawekwa begani mwa mto. Ilikuwa akili, walakini ilikuwa ahadi ya ugomvi pia, kwa kuwa mto haukuulizwa.

Hapa mzee alishika zamu ya kusimulia. Aliishuhudia mvua ya El Niño ya msimu wa 1997 na 1998, na akaishuhudia tena ile ya mwishoni mwa Desemba 2009, iliyoivunjavunja njia baina ya Kilosa na Gulwe hata abiria wa Kigoma na Mwanza wakalazimika kwa miezi kupandia treni Dodoma. "Usiku ule wa El Niño," aliniambia, "sauti haikuwa ya maji. Ilikuwa ya mawe. Maji yalikuwa yameyashika mawe makubwa chini yakiyagonganisha, na kitanda changu kilikuwa kikitetemeka." Kulipokucha walikwenda kutazama njia. Tuta lilikuwa limekwisha kuchukuliwa lote, lakini reli yenyewe haikukatika; ilibaki ikining'inia hewani kutoka ukingo hata ukingo, mataruma yake yote yakiwa yameshikamana nayo, kama ngazi iliyolazwa juu ya mto. Alisema maneno hayo kwa sauti ya chini. Mataruma yale aliyafunga kwa mkono wake.

Kisha akaniinua, akanipeleka kwenye daraja moja dogo la reli juu ya kijito. "Nilipoanza kazi," akasema, "nilikuwa napita chini ya daraja hili nimesimama, na mkono juu sigusi. Pita sasa." Nikapita nimeinama. Sikumwuliza kitu zaidi. Mchanga ulioujaza mfereji chini ya daraja lile haukutoka Kidete. Ulitoka kwenye vilima vilivyokatwa miti na mashamba yaliyolimwa mpaka kwenye ukingo wa maji. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Nanyi mlio na mashamba mtoni mwajua mmeacha ngapi. Nasema haya kwa huzuni, si kwa kumshitaki mtu. Na pia nayasema nikijua kwamba twaweza: kule Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekula nchi, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliofahamika kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika, jambo lililokuwa gumu na chungu kwa wenye ng'ombe, lakini nyasi na miti vikarudi juu ya udongo ambao wengi walikwisha kuukatia tamaa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikaa moyoni kuliko yote ya siku ile, na nawaomba mlisikilize kwa utulivu. Mji wa Dodoma, tangu ulipoteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 hata leo, umekuwa ukinywa zaidi maji ya visima vya Makutupora. Katika visima vile kimo cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na wataalamu walioichunguza kumbukumbu hiyo, ambao utafiti wao ulichapishwa mwaka 2013, waliona kwamba maji ya ardhini hayaongezeki kila mwaka kidogo kidogo kama akiba ya mshahara. Miaka mingi hayapandi. Hushuka tu, kwa kuwa twayateka. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, makorongo yakafurika, maji yakazama mchangani, na kisima kikainuka kwa kishindo. Na msimu uliokiinua kisima chetu kuliko yote katika kumbukumbu hiyo, wasikilizaji wangu, ni ule wa El Niño wa 1997 na 1998.

Nilimweleza mzee jambo hilo tukiwa tumeketi tena kando ya maji, jua likiwa limekwisha kuinama na povu likigeuka rangi ya dhahabu. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani hakunisikia kwa mngurumo ule. Hatimaye akasema: "Basi mwaka ule uliotuvunjia sisi, ndio uliowajazia ninyi."

Nikamwambia, "Ndivyo, mzee."

"Na mvua ilikuwa moja."

"Ilikuwa moja."

Hakuongeza neno, wala mimi sikupata la kuongeza. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile. Sisi wa juu hutamani mvua kubwa, tukaiombea. Nao wa chini, wakiona mawingu meusi upande wa Dodoma, huanza kuhamisha mahindi. Je, twaweza kuomba mvua ile ile sote? Nionavyo mimi, twaweza, lakini kwa sharti moja: kwamba sisi wa juu tuyazuie maji yapate kuzama pale yanapoangukia, kwa makinga maji shambani, kwa nyasi, kwa miti mtoni, na kwa kuuacha mchanga wa korongo ukae kazini mwake badala ya kuuchota wote kwa malori, maana mchanga ule ambao mgeni huudharau ndio mlango wa kisima chetu. Kila debe la maji linalozama Makutupora limeongeza kisima chetu, na tena limepunguza nguvu ya yale yanayogonganisha mawe usiku Kidete. Narudia: mto ni mmoja.

Tulirudi kwa kufuata njia ya reli, magharibi ikiingia, mzee akitangulia kwa hatua za mtu aliyezoea kupima mataruma kwa miguu. Kwa msikilizaji atakayependa kwenda, nasema nenda kabla Mei haijaisha, chukua kofia na maji yako ya kunywa, omba mwenyeji wa kukuongoza kutoka serikali ya kijiji, usiingie katika madimbwi yaliyotulia, na wala usitembee bondeni siku ambayo huku juu mvua inanyesha, hata kama huko mbingu ni nyeupe.

Nilipofika nyumbani, binti wa jirani alikuja usiku ule ule. Nikampa ile kokoto ya kinuni, nikamweleza ilivyopata umbo lake, naye akaigeuzageuza asiamini kwamba maji yaweza kufanya kazi kama hiyo. Akauliza kama ni maji ya kwetu kweli. Jumapili iliyofuata nikampeleka korongoni, nje ya mji, mahali pasipo na malori, nikamwambia achimbe. Alichimba kwa mikono miwili mpaka viwiko vikazama. Akaacha kuchimba, akatulia, mikono ingali ndani, akaniambia, "Mjomba, kuna baridi." Na maji yakaanza kuingia, kutoka upande wa magharibi wa shimo.